Mbu wa bustanini hawazaliwi kwenye nyasi

Mwaka 1882 Wafaransa waliokuwa wakichimba mfereji wa Panama walifungua hospitali kubwa kwenye kilima cha Ancón, juu ya jiji la Panama. Ilikuwa na bustani iliyotunzwa kwa upendo na masista waliouguza wagonjwa. Adui yao alikuwa sisimizi wakata majani, ambao kwa usiku mmoja waliweza kuuacha mti hauna kitu. Basi mimea ikazungushiwa vibeseni vya udongo vilivyojazwa maji ili sisimizi wasivuke. Wodini nako miguu ya vitanda ikasimamishwa ndani ya visahani vya maji kwa sababu hiyohiyo. Sisimizi walishindwa. Lakini wagonjwa walioingia na maradhi mengine wakawa wanapata homa ya manjano humohumo kitandani, na hakuna aliyeinama kuangalia kilichokuwa kikicheza ndani ya visahani vile.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwaka 1881, daktari wa Kuba aitwaye Carlos Finlay alikuwa ameshasema kwamba homa ya manjano hubebwa na mbu. Ilichukua karibu miaka 20 asikilizwe. Madaktari wa jeshi la Marekani wakiongozwa na Walter Reed walipothibitisha maneno yake mwaka 1900, William Gorgas, daktari mwingine wa jeshi hilo, alituma vikosi kupita nyumba kwa nyumba mjini Havana, mji mkuu wa Kuba. Walifunika mapipa, wakamwaga maji yaliyotuama, na yale yasiyomwagika wakayatia mafuta. Mwaka 1901 homa hiyo ikatoweka mjini. Panama nako, alipohamia Gorgas na kazi ileile, kufikia mwisho wa 1905 jiji lilikuwa limepona.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu visahani vile bado vipo, chini ya vyungu vyetu vya maua, na sisi bado tunahangaika na kitu kingine.

Mtu akianza kuumwa na mbu uani, jambo la kwanza linalomjia ni kufyeka. Nyasi husingiziwa sana. Ni kweli kwamba ukitikisa kichaka wakati wa mchana mbu watatoka, lakini pale umekuta wanakolala tu. Mbu mzima akipigwa na jua kali hukauka haraka, kwa hiyo mchana hutafuta kivuli chenye unyevu: chini ya majani mapana, ndani ya ua mnene, nyuma ya rundo la matofali. Ukifyeka unampunguzia mahali pa kupumzika, na hilo lina faida yake, hasa karibu na baraza na madirisha. Ila alikozaliwa hujakugusa. Hakuna mbu anayezaliwa kwenye jani kavu wala kwenye udongo uliolowa tu. Wote, na zipo aina zipatazo 3,500, lazima wapitie kwenye maji yaliyosimama.

Ukitaka kuliamini hilo kwa macho yako, nenda kwenye kisahani kilicho chini ya chungu cha maua. Usikiguse kwanza. Inama bila kukifunika kwa kivuli chako, kisha subiri. Mwanzoni utaona maji na vumbi la majani yaliyooza. Baada ya muda utatambua vijiti vyembamba vinavyoning'inia chini ya uso wa maji, kichwa chini, mkia juu. Gonga ukingo wa kisahani kwa kidole. Vyote vitazama kwa mkupuo mmoja, vikijipindapinda, halafu vitapanda tena kimoja kimoja kuja kuvuta hewa. Hivyo ndivyo viluwiluwi, watoto wa mbu. Katikati yao huenda kukawa na wengine wenye kichwa kikubwa na mwili uliokunjika kama alama ya mkato. Hao hawali tena. Kwenye joto, baada ya siku mbili hivi ngozi yao itapasuka mgongoni, na mbu kamili atasimama juu ya ganda lake akisubiri mabawa yakauke.

Kutoka yai hadi kuruka, safari hiyo huchukua siku 7 hadi 10 penye joto. Penye ubaridi huweza kufika wiki mbili, tatu au zaidi. Ndiyo maana ushauri wote wa maana kuhusu mbu wa nyumbani unazunguka neno moja: wiki. Maji ambayo hayajafikisha wiki bado hayajatoa mbu. Dimbwi la mvua linalokauka siku ya tatu halina neno, hata likionekana chafu kiasi gani. Kifuniko cha chupa kilichosahaulika nyuma ya chungu, chenye maji kidogo tu, kina neno ikiwa kimekaa siku kumi.

Saa ya kuumwa ni ushahidi

Watu wengi husema "mbu" kana kwamba ni mdudu mmoja. Hapo ndipo kazi inapopotea, maana mtu husafisha mtaro kumbe anayemuuma ametoka kwenye ndoo. Kuna makundi matatu yanayohusika zaidi na makazi ya watu, na kila moja lina tabia zake.

Anayeuma mchana, hasa asubuhi baada ya jua kuchomoza na tena jioni kabla halijazama, akipenda vifundo vya miguu, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, ni Edesi. Huyu ndiye wa homa ya manjano, dengi, zika na chikungunya. (Chikungunya ni neno la Kimakonde, likimaanisha kujikunja, kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mgonjwa.) Edesi hupenda maji kidogo, yaliyo ndani ya chombo: ndoo, tairi, kisahani, tundu la mti. Na haendi mbali. Kwa kawaida maisha yake yote humalizika ndani ya mita mia chache kutoka alipozaliwa. Akikuuma saa kumi jioni bustanini, chombo alichotoka kiko kwako au kwa jirani.

Anayeanza giza likiingia, akavuma sikioni usiku kucha, mara nyingi ni Kuleksi. Huyu haogopi uchafu. Hutaga kwenye karo, mashimo ya choo, mitaro iliyoziba na pipa la maji yaliyooza majani. Mayai yake, yanayoweza kufika mia mbili na zaidi, hushikana yakaelea kama kijahazi cheusi kidogo kuliko punje ya mchele. Ndiye mmoja wa wanaoeneza matende na mabusha.

Wa tatu ni Anofelesi, mbu wa malaria, anayeuma usiku na akitua huinua mkia juu kama anayesimama kichwa chini. Kwa kawaida hutaka maji ya wazi yenye jua: madimbwi, alama za kwato, kingo za mabwawa. Viluwiluwi vyake utavijua mara moja, kwa sababu havina mrija wa kupumulia mkiani. Hulala bapa, sambamba na uso wa maji, wakati vya wenzake huning'inia. Nasema kwa kawaida, kwa kuwa yuko Anofelesi mmoja wa Asia, stephensi, anayezaliana kwenye matangi na mapipa ya mjini, na tangu alipogunduliwa Djibouti mwaka 2012 amekuwa akionekana katika nchi nyingine za Afrika. Kwa hiyo chombo cha maji kisichofunikwa hakiwezi tena kudharauliwa kwamba ni cha dengi peke yake.

Anayeuma, katika makundi yote, ni jike. Anahitaji damu ili mayai yakomae. Dume hunywa utomvu wa maua na hana habari nawe. Jike akishashiba hupumzika siku mbili tatu, akataga, akarudi kutafuta damu tena.

Kutafuta maji yasiyoonekana

Sasa zunguka bustani. Usizunguke ukiwa umesimama wima, kwa sababu hutaona kitu. Beba kibakuli cheupe na bilauri ya kuchotea, maana viluwiluwi juu ya weupe hujitokeza vizuri. Anza na vilivyo wazi: ndoo, karai, matairi, makopo, bakuli la maji ya mnyama, mkokoteni wa bustani ulioachwa umelalia mgongo. Halafu nenda kwenye vile ambavyo jicho limezoea kuviruka. Mikunjo ya turubai iliyofunika kuni. Mfereji wa paa ulioziba majani, ambao kutoka chini huwezi kuujua mpaka upande ngazi. Mwanasesere uliosahauliwa na watoto chini ya mti. Kifuniko cha tangi kilichobonyea katikati. Tundu la mti pale tawi kubwa lilipokatwa.

Mimea yenyewe hushika maji. Migomba na magimbi hukinga mvua pale jani linapokutana na shina, na jamii ya nanasi la mapambo ina kikombe katikati kabisa. Huna haja ya kuing'oa. Elekeza mpira wa maji humo kwa nguvu mara moja kwa wiki, viluwiluwi visombwe vimwagike kwenye udongo, ambako vitakauka. Mwanzi uliokatwa ni hatari zaidi kuliko ulio mzima, kwa kuwa pingili iliyobaki wazi ni kikombe kamili. Ukate juu tu ya kifundo, usibaki mdomo, au uujaze mchanga.

Niliwahi kuhangaika na mbu wa mchana katika bustani ambayo niliapa haina tone la maji. Vyungu nilikuwa nimevigeuza, ndoo nimezilaza, turubai nimelikunja. Siku moja nikaegemea nguzo ya uzio, bomba la chuma lililoachwa wazi juu, na mbu watatu wakatoka mdomoni mwake. Nikatumbukiza kijiti kirefu kikarudi kimelowa hadi nusu. Ilikuwa ni mvua ya majuma kadhaa, imejikusanya humo gizani, haifikiwi na jua wala upepo. Nguzo zilikuwa tisa. Tulizijaza mchanga hadi juu na kuziba midomo kwa saruji, na kero ya miguuni ikapungua kiasi kwamba hata wageni waliiona tofauti.

Kuna jambo moja kuhusu Edesi ambalo huwavunja watu moyo wasipolijua. Hatagi juu ya maji. Hubandika mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, mahali penye unyevunyevu, nayo ni madogo meusi kama vumbi la makaa. Ukimwaga maji tu, mayai yanabaki yamekamatia pale, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi mingi yakiwa hai. Siku mvua ikinyesha au ukiijaza ndoo ileile, maji yakiyafikia yanaanguliwa, tena si yote kwa pamoja; mengine husubiri kulowa mara ya pili au ya tatu. Kwa hiyo kumwaga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusugua ukuta wa chombo kwa brashi ngumu, hasa ule mstari wa maji ulipoishia, kisha kukisuuza na kukigeuza. Mtu aliyehifadhi ndoo kavu stoo kipindi chote cha kiangazi na kuitoa mvua za kwanza anaweza kuwa ametoa na mayai ya mwaka jana.

Kwa kisahani cha chungu kuna njia rahisi kuliko kusugua kila wiki: kijaze mchanga hadi ukingoni. Mchanga utashika unyevu wa kutosha mmea, lakini hakutakuwa na uso wa maji wa kutagia. Au kiondoe kabisa, kama sakafu inaruhusu.

Maji usiyoweza kumwaga

Tangi la maji ya mvua, kisima, bwawa la samaki, karo: haya hayamwagiki kila wiki. Tangi linataka kufunikwa, na kufunikwa kweli. Wavu wenye matundu yasiyozidi milimita moja, uliokazwa bila mwanya, kwenye mlango wa juu na pia pale maji ya paa yanapoingilia. Halafu watu husahau bomba la kufurikia. Mbu halisahau. Nalo livalishwe wavu. Karo na bomba la hewa la choo vivyo hivyo, na ufa wowote wa mfuniko uzibwe.

Kwa bwawa la mapambo, samaki wadogo kama gapi au vifaranga vya perege humaliza viluwiluwi kwa kasi ya kupendeza, ila usiwamwage samaki wa kigeni mtoni au ziwani. Gambusia, samaki wa Marekani aliyesambazwa duniani kote katika karne ya 20 kwa jina la kupambana na mbu, ameharibu samaki na vyura wa asili sehemu nyingi. Pampu inayotikisa uso wa maji nayo husaidia. Usijiridhishe tu, angalia nyuma ya mawe na katikati ya majani yaelayo, maana kona iliyotulia inatosha.

Pale samaki hawafai, kama kwenye pipa la kumwagilia, chombo ninachokiamini kuliko vyote ni bakteria. Mwaka 1976, katika jangwa la Negev nchini Israeli, Yoel Margalit na Leonard Goldberg walikuta kidimbwi kimejaa viluwiluwi vilivyokufa. Kilichoviua kilikuwa bakteria ambaye leo huuzwa kama vidonge, chembechembe au maji, kwa jina refu la Bacillus thuringiensis israelensis, au Bti kwa kifupi. Bakteria huyu hutengeneza fuwele za protini. Kiluwiluwi akizila, fuwele huyeyuka tumboni mwake, ambamo hali ni kinyume cha asidi, na protini ile hutoboa kuta za utumbo. Tumbo la binadamu, la ndege, la samaki halina mazingira hayo, wala nyuki hadhuriki. Baadhi ya bidhaa zake zimekubaliwa na Shirika la Afya Duniani hata kwa maji ya kunywa. Soma kibandiko ujue uliyonayo ni ya matumizi gani. Kumbuka pia wale wenye umbo la alama ya mkato: hawali, kwa hiyo Bti haiwagusi. Ukiona mbu wachache wakitoka siku mbili baada ya kutia dawa, usidhani imeshindwa.

Mafuta kidogo ya kupikia juu ya maji ambayo hayatumiki na hayana viumbe wengine huziba hewa na kuvifisha viluwiluwi. Usiyatie bwawani, kwa kuwa yatawafisha na wasiohusika.

Vinavyouzwa kwa wingi

Kupuliza dawa bustani nzima ndiyo hatua inayovutia zaidi, kwa kuwa matokeo yake yanaonekana usiku huohuo. Lakini dawa ya hewani huwaua mbu wazima waliokutwa tu. Walio majini hawajui kilichotokea, na baada ya siku chache wanapanda kuchukua nafasi. Wakati huohuo nyuki, buibui na kereng'ende wamekufa, na kereng'ende ni hasara ya pekee: watoto wake hula viluwiluwi majini, na yeye mwenyewe hukamata mbu angani. Kuna na usugu, ambao hukua kila dawa ileile inaporudiwa. Siikatai kabisa. Ugonjwa ukizuka mtaani, wataalamu wa afya wana sababu za kuitumia. Kama utaratibu wa kila wiki nyumbani, naiona ni gharama inayojirudia kwa kero isiyokwisha.

Taa za buluu zinazochoma wadudu hutoa mlio unaoridhisha. Katika uchunguzi uliofanywa uani mwa nyumba jimboni Delaware, Marekani, ukachapishwa mwaka 1996, wadudu 13,789 waliokufa kwenye taa hizo walihesabiwa. Wanaouma watu walikuwa 31. Mbu jike hakufuati kwa mwanga. Hufuata hewa unayotoa puani, joto la mwili na harufu ya ngozi. Vifaa vya sauti isiyosikika navyo vimepimwa mara nyingi na havijaonyesha kuzuia mbu kuuma.

Mchaichai na kivumbasi vina mafuta ambayo mbu hayapendi, hilo ni kweli. Ila mmea uliotulia udongoni hutoa harufu kidogo, na nje upepo huichukua. Ukiponda majani au kuyafukiza ndipo mafuta hutoka, kwa muda. Upande kwa uzuri wake, usiutegemee kama ukuta.

Kwa jioni ya kukaa nje, chombo rahisi kinachofanya kazi ni feni. Mbu ni mrukaji dhaifu, mwendo wake haufiki hata wa mtu anayetembea, na upepo wa feni humsukuma na pia kuitawanya ile hewa yako anayoifuata. Iweke chini, ielekee miguuni. Ongeza nguo ndefu na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, yenye kiambato cha DEET au picaridin, kwa maelekezo ya kibandiko na umri wa mtoto.

Ukimaliza kusafisha, usitarajie kimya kesho yake. Mbu wazima waliokwisha kuruka wataendelea kuuma kwa wiki mbili au zaidi, mpaka umri wao uishe. Kipindi hicho ndicho watu hukata tamaa na kurudi kwenye kupuliza. Endelea na mzunguko wako wa kila wiki, siku ileile, na uandike ulichokuta na wapi, kwa sababu mazalia yana tabia ya kujirudia mahali palepale. Ikifika wiki ya nne na wa mchana bado wanauma, wakati kibakuli chako cheupe kinarudi safi kila mara, basi chombo kiko ng'ambo ya uzio. Beba kibakuli hicho umwendee jirani. Usiende na lawama, nenda na maji yenye viluwiluwi hai ikiwa unayo ya kumwonyesha, umwombe mzunguke pamoja kwake, kisha umrudishe naye azunguke kwako, maana jicho la mwingine huona kile ambacho lako limezoea kukiruka.